Jiko la Timu Iliyoshuka Daraja

Nilianza kuipikia timu ya mpira ya mji wetu baada ya mume wangu kufariki. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mpira, si mimi. Mimi nilikuwa na kibanda cha chakula karibu na stendi ya Kahama. Niliuza wali na maharage, na pilau siku ya Ijumaa, na wateja wangu wengi walikuwa madereva wa malori na vijana waliotoka machimboni wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Timu ilipopanda kuingia ligi kuu, viongozi walikodi nyumba kubwa yenye ukuta kwa ajili ya kambi, wakawa wanatafuta mama wa kupika. Meneja wa timu alikuwa mteja wangu wa mchana. Siku moja alikula, akanawa, akabaki amekaa.

"Mama, unaweza kupikia watu wanaokimbia?" aliniuliza.

"Tumbo la anayekimbia na la aliyekaa ni lilelile," nikamjibu.

Alicheka. Wiki iliyofuata nilikuwa kambini.

Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri kwetu. Hatukuchukua kombe, wala hakuna aliyelitarajia, lakini tulibaki ligi kuu na mji ukatembea kifua mbele. Vijana walinizoea. Asubuhi walipita jikoni mmoja mmoja, "Shikamoo mama," nami naitikia huku nakoroga uji. Wengine walikuwa Wasukuma wa huku huku kwetu, wengine wametoka Kigoma, Tanga, Dar es Salaam. Nahodha alikuwa beki wa kati, amewazidi wenzake umri, mzaliwa wa Ushirombo, mtoto wa wakulima. Alikuwa Mkatoliki hasa. Jumapili isiyo na mechi humkosi kwenye misa ya kwanza. Akirudi kutoka kwao aliniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na karanga za kuvipikia. Aliniita "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, ingawa yeye ni Msumbwa na baba yangu mimi alikuwa mtu wa Ujiji. Mama yangu ndiye alikuwa Msukuma, kwa hiyo sikukataa.

Ninachotaka kusimulia ni msimu uliofuata.

Kabla haujaanza, wachezaji wetu wazuri waliondoka. Mshambuliaji aliyetufungia magoli mengi alichukuliwa na timu kubwa, kiungo naye akaenda nje ya nchi, na mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa anaibeba timu akasema amechoka, wengine nao wabebe. Wakaletwa vijana wapya. Walikuwa watoto wazuri, wana adabu, wanakula vizuri. Lakini hata mimi nisiyejua mpira niliona, siku nilizopeleka chai mazoezini, kwamba mpira ulikuwa unawakimbia.

Mechi ya kwanza tulifungwa nyumbani. Haikuwa msiba. Ya pili tukafungwa ugenini. Ya tatu tukatoka sare, na siku hiyo nikaagizwa nipike kuku kama vile tumeshinda. Baada ya hapo tukaanza kufungwa mfululizo, mpaka kufungwa kukawa kama kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Sikujua kwamba kufungwa kunamchosha hata mtu ambaye hakucheza. Jioni ya mechi nilisikia basi likiingia getini, halafu mlango wake, halafu viatu kwenye kokoto. Bomba la nje lilifunguliwa likaachwa linatiririka. Nilipakua wali, mchuzi wa nyama, mboga, nikaweka mezani, na nusu saa baadaye nilirudi nikakuta sahani zimechezewa kwa kijiko tu. Nyama imesukumwa pembeni, wali umetobolewa katikati. Nilirudisha jikoni chakula cha watu wazima kikiwa kimepoa, nikawapa walinzi na mafundi waliokuwa wanajenga jirani. Mafundi wale ndio walioishi vizuri msimu ule.

Mwalimu wa timu, maana kocha huku tunamwita mwalimu, alikuwa mtu wa Morogoro mwenye sauti ya chini. Alipoishiwa mabeki wa kubadilisha, alianza kubadilisha chakula. Wiki moja alikuja akasema mafuta yapungue. Wiki nyingine maharage yakapigwa marufuku kwa sababu yanajaza tumbo hewa. Halafu akasema tambi, wenzetu Ulaya wanakula tambi. Nikapika tambi. Tukafungwa tukiwa tumekula tambi. Siku ya pili yake alikuja mwenyewe jikoni, akasimama mlangoni na mikono mfukoni.

"Mama, rudisha maharage," akasema.

Nikarudisha.

Timu ikisafiri, nami nilisafiri. Timu nyingi haziamini chakula cha ugenini. Zinaogopa kuwekewa kitu, na kuna waliowahi kuugua tumbo siku ya mechi, iwe kwa hila au kwa samaki aliyelala. Kwa hiyo masufuria yangu, mchele wa Kagongwa na jiko la gesi vilipanda chini ya basi pamoja na mipira. Tulikwenda Mbeya kwa njia ya Tabora, safari ya kutwa na zaidi. Nilipika nyuma ya gesti tuliyofikia, kwenye baridi ambayo sisi watu wa Kahama hatuijui, moshi wa chai na moshi wa pumzi yangu ukitoka pamoja. Vijana walikula wakiwa wamejifunika mablanketi. Kesho yake walifungwa magoli manne.

Wakati wa kurudi nilikaa kiti cha mbele, nahodha kakaa pembeni yangu amenyoosha mguu kwenye njia. Goti lake lilikuwa limevimba. Barafu aliyofungiwa kwenye mfuko ilikuwa imeshayeyuka, na maji yalikuwa yanamwagika kila basi lilipokanyaga tuta. Nyuma yetu watu walikuwa wamelala au wanajifanya wamelala.

"Mayu," akaniuliza, "hivi chakula cha watu walioshuka daraja kinakuwaje?"

"Kama cha wengine," nikamwambia. "Kinatiwa chumvi."

Akatabasamu kidogo, akafumba macho. Tulikuwa bado hatujashuka. Lakini niligundua siku ile kwamba yeye ameshakubali, na kwamba atacheza mechi zote zilizobaki akiwa amekubali, na hilo liliniuma kuliko yale magoli manne.

Maneno yalianza mjini. Mashabiki waliona vijana wanakuwa wazito kipindi cha kwanza, miguu haitoki ardhini, kama watu wenye usingizi. Kwenye vijiwe vya kahawa walianza kwa kumlaumu mwalimu, wakamlaumu kipa, wakamlaumu refa, na walipowamaliza hao wote wakafika kwenye chakula. Nilisikia sokoni. Muuza nyanya wangu wa siku zote alinifungia nyanya, kisha akaniuliza kwa upole, bila kunitazama, kama ni kweli vijana wanakula wanalala.

"Wanakula, kisha wanalala, kisha wanaamka," nikamwambia. "Kama wewe."

Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, meneja aliingia jikoni akiwa na wajumbe wawili wa kamati. Niliwapa viti. Hawakukaa.

"Mama," meneja akasema, "watu wanaona vijana wana usingizi uwanjani."

"Nimesikia. Hata mimi nikipanda basi mpaka Mbeya na kurudi nakuwa na usingizi."

Hakucheka safari hii. Mjumbe mmoja, mzee mwenye duka la mabati na misumari, akasafisha koo. "Tumeelezwa kwamba ubaya unatokea jikoni."

"Mmeelezwa na nani?"

"Na mtu anayejua mambo hayo."

Nilimwelewa. Walikuwa wamekwenda kwa mganga kutazamia. Na mganga akishaulizwa nani anaiharibu timu, hawezi kuwajibu wateja wake kwamba ni mabeki.

"Shemeji yako anaishi kule wanakotoka wageni wetu wa Jumamosi," mzee akaendelea. "Na mwezi uliopita ulikuwa kwake."

"Nilikwenda kwenye harusi ya mtoto wake. Nilimwomba meneja ruhusa, akanipa."

Nilimtazama meneja. Yeye alikuwa anatazama sufuria ya maharage, kama vile ndiyo kwanza anaiona.

"Hatusemi umefanya kitu, mama," akasema yule mjumbe wa pili. "Tunasema upumzike tu Jumamosi hii. Chakula kitaletwa kutoka hotelini."

Ningeweza kusema mengi. Nilikuwa na umri wa kuwazaa wachezaji wote wale, nilikuwa nimewachemshia maji ya tangawizi wakiwa na mafua, nilikuwa nimekaa hospitalini na kipa alipopata malaria. Lakini kilichokuja ni uchovu, kama mtu aliyebebeshwa ndoo nyingine wakati tayari ana ndoo kichwani. Nilivua aproni, nikajifunga ushungi wangu vizuri, nikawaambia maharage yako motoni, yakichemka mara moja tena yatiwe chumvi. Kisha nikaenda zangu kwa miguu.

Nilikuwa naishi na dada yangu mkubwa, nyumba aliyotuachia baba, jirani na msikiti. Nilipofika alikuwa ameshasikia. Sijui habari zilipita njia gani zikanitangulia.

"Usirudi kule," akaniambia. "Hata wakija wanatembea kwa magoti, usirudi."

Ijumaa nilishinda nafua. Nilifua hata vitu visafi. Wanawake wa mtaani walipita wakanisalimia vizuri, vizuri kupita kawaida, na kwa hiyo nilijua wameshasikia. Mmoja alinipa pole. Sikujua pole ya nini, ya kusingiziwa au ya kukamatwa, na sikumuuliza. Usiku sikulala sana. Nilikuwa nawapitisha vijana akilini, sura moja baada ya nyingine, nikijiuliza ni nani kati yao ameamini. Kamati iliniudhi, lakini hao vijana ndio walionikosesha usingizi.

Jumamosi redio ya kinyozi jirani ilikuwa wazi mpaka mwisho. Nilikaa uani nachambua mchele ambao haukuwa na haja ya kuchambuliwa. Tulifungwa mawili. Goli la pili lilitokana na mpira wa kona ambao, kwa maneno ya mtangazaji, kila mtu aliutazama. Dada alitoka ndani akasimama mlangoni ananitazama. Nadhani alisubiri nicheke, au niseme "mmeona sasa." Hata mimi nilidhani nitafurahi kidogo. Niliitafuta ile furaha sikuiona. Niliona tu wale vijana wakipanda basi, na nikawaza, leo jioni nani atawawekea maji ya moto.

Jumapili, baada ya misa, nahodha alikuja nyumbani. Alikuwa amevaa shati jeupe na alitembea kama mtu anayepima kila hatua. Nilimtolea kiti uani.

"Jana tulikula cha hotelini," akasema. "Wengine hawakula kabisa. Walisema kama jikoni kwetu kuna ubaya, hotelini wanamjua nani?"

"Na wewe?"

"Mimi nilikula. Nikafungwa nimeshiba."

Kuku wa dada walikuwa wanaparura karibu na miguu yake.

"Umetumwa?" nikamuuliza.

"Wachezaji ndio wamenituma, mayu. Wanaomba urudi. Meneja anajua nimekuja."

"Wachezaji wote?"

Alikuwa hajui kudanganya. Aliinamisha kichwa. "Si wote."

Kutoka ndani sauti ya dada ikasema, "Mwambie hapana."

"Shikamoo mama mkubwa," nahodha akasema kuelekea dirishani.

"Marahaba. Mwambie hapana."

Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini nilirudi. Sikurudi kwa kuipenda timu. Kukaa nyumbani nikiwa mtu anayesemwa kulikuwa kazi ngumu kuliko kupika, na nilijua nikikaa, nitakaa hivyo mpaka nife; watoto wa mtaa watakua wakijua kwamba mimi ndiye niliyeiua timu. Nikamwambia nahodha nitarudi kwa jambo moja. Kila mlo, kabla mchezaji hajagusa, meneja ale kwanza. Ale kutoka kila sufuria, mezani, wote wakimwona.

"Nitamwambia," akasema.

"Usimwambie kama ombi."

Jumatatu mchana nilipakua. Vijana walikaa wakiwa wameshika vijiko. Meneja aliingia, akachukua sahani, akapita: wali, nyama, maharage, kachumbari, mpaka maji ya kunywa. Akala amesimama karibu na dirisha. Ulisikia hata anavyotafuna. Alipomaliza aliweka sahani, akafuta midomo kwa leso, akasema, "Karibuni." Nahodha akavuta bakuli la wali kwake, na wengine wakafuata.

Akawa anafanya hivyo kila siku. Asubuhi uji, mchana wali au ugali, jioni ndizi au viazi. Katika watu wote wa timu, meneja ndiye pekee aliyenenepa msimu ule.

Aliyebaki bila kula alikuwa winga mmoja kijana, mwenyeji wa Tanga, mpole, mwenye mbio kuliko wote. Alikaa mezani na wenzake, akanisalimia kwa heshima zake zote, lakini sahani yake ilikuwa na mkate alioununua dukani na soda. Sikumwambia kitu. Nilimtazama siku chache akikonda. Halafu nikaanza kumwekea mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, na ndizi mbivu ambazo hazijamenywa. Siku ya kwanza aliyatazama yale mayai kwa muda mrefu. Kisha akalichukua moja akaligonga mezani, akaanza kulimenya taratibu. Tangu siku hiyo nilimwekea mayai na ndizi kila mlo, na machungwa yakipatikana. Hatukuzungumza juu ya hilo, yeye wala mimi.

Meneja, kwa kuwa alilazimika kuja jikoni mara tatu kwa siku, alianza kuja mapema. Mwanzoni alisimama. Baadaye alikaa kwenye kile kiti alichokikataa siku ile. Kuna siku alijivutia ungo akawa anachambua mchele huku anaongea. Aliniambia nyumba yake ilipigwa mawe baada ya mechi moja ya nyumbani, na dirisha la chumba cha watoto likavunjika. Mkewe alikuwa amewachukua watoto na kwenda nao kwa wazazi wake Kagongwa mpaka ligi iishe. Aliyasema hayo bila kulalamika, vidole vyake vikitafuta vijiwe kwenye mchele.

"Nikilala peke yangu naota tunafunga," akasema. "Nikiamka nakasirika kwamba nimeota."

"Pole," nikamwambia, na nilimaanisha.

Nilingoja kama naye atasema pole. Hakusema. Alimaliza kuchambua, akanipa ungo.

Tulishinda mechi moja kwenye mvua za mwisho. Uwanja ulikuwa tope, timu iliyokuja ilikuwa na wachezaji wazuri wasiopenda tope, na winga wetu wa mayai akakimbia akawaacha wote akafunga. Basi lilirudi kambini linaimba. Waliniita kutoka dirishani kabla halijasimama. Jioni hiyo sahani zilirudi nyeupe, na mwalimu aliomba aongezwe. Kwa siku chache watu walipiga hesabu kwenye vijiwe, kwamba tukishinda hii, na wale wakifungwa ile. Hesabu hizo zilitukalisha roho juu, na roho ikikaa juu muda mrefu nayo inachoka. Mechi zilizofuata tulifungwa, tukatoka sare, tukafungwa.

Tulishuka tukiwa nyumbani. Ilikuwa sare, si hata kufungwa. Dakika zilipokwisha watu waliendelea kukaa majukwaani, simu masikioni, wakisubiri matokeo ya mji mwingine, na matokeo yakaja kwamba wapinzani wetu kule chini ya msimamo wameshinda. Mimi nilikuwa nimekuja uwanjani na chai. Nahodha alikuwa ametolewa tangu mapema kwa sababu ya goti, amekaa benchi na taulo begani. Watu waliondoka bila kutukana. Nafikiri nao walikuwa wameshachoka. Mzee mmoja alipita karibu yetu akasema "poleni" kama anayetoka mazikoni, akaenda zake.

Jioni nilipika ugali na sangara, maana nilikuwa nimeagiza samaki kutoka Nkome tangu asubuhi, na samaki hawangojei matokeo. Vijana waliingia wakakaa. Meneja aliingia, macho mekundu, akachukua sahani kama desturi, akaenda kusimama dirishani. Kipa, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akavuta kiti kilichokuwa wazi karibu yake.

"Kaa, meneja," akasema. "Kaa tule."

Meneja akakaa. Kipa akamega tonge kabla yake. Wengine wakamega. Hawakula sana, lakini walikula, na hakuna aliyeinuka mpaka wote walipomaliza. Mimi nilisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono, na sikuwa na la kufanya.

Nilidhani yameisha, kumbe kulikuwa na mechi iliyobaki. Hilo ndilo jambo la ajabu la kushuka daraja mapema: bado unatakiwa kucheza. Tukafunga mizigo, tukapakia masufuria, tukasafiri kwenda kucheza mechi isiyo na maana kwetu wala kwa wenyeji wetu. Nilipika kama kawaida. Mwalimu hakutoa maelekezo yoyote ya chakula. Tulifungwa moja, na wachezaji wa timu zote mbili wakabadilishana jezi wakicheka, na nakumbuka nilishangaa kuwaona wanacheka, kisha nikaona ni haki yao.

Kambi ilivunjwa wiki hiyo hiyo. Waliondoka wawili watatu, na mabegi, wakipita jikoni kuaga. Winga alikuja wa mwisho kabisa. Alisimama akibadilisha begi kutoka bega hili kwenda lile.

"Mama, naomba unisamehe," akasema. "Ni mama yangu aliyenikataza. Alisikia maneno, akanipigia simu, akaniapisha nisile. Mimi sikuamini. Lakini alikuwa ameshaniapisha."

"Ukimtii mama yako hujanikosea mimi," nikamwambia. Na ndivyo nilivyoona. Ningekuwa mimi niko Tanga, na mtoto wangu yuko mbali kwa watu nisiowajua, huenda ningefanya hivyo hivyo.

"Mayai yalikuwa matamu," akasema.

"Yai halina fundi, mwanangu. Nenda salama. Msalimie."

Meneja alikuja kuchukua funguo. Alizunguka jikoni akigusa vitu, meza, jiko, ndoano za kutundikia miko. Akasema, akiwa ametazama ukutani, "Chakula kilikuwa kizuri, mama. Msimu mzima." Nikasema ahsante. Nilijua hapo ndipo mwisho wa uwezo wake, na sikumvuta zaidi. Miezi michache baadaye alinipigia simu kuniomba nikapike timu itakapoanza daraja la chini. Nilimwambia nimechoka. Hakubisha. Alisema hata yeye amechoka, ila hajui kazi nyingine.

Sasa nina mgahawa mdogo Kagongwa, karibu na mashine za kukoboa mpunga. Dada yuko nami. Anapokea wateja na kuwagombeza. Baadhi ya watu wa Kahama wakipita wananitambua, na mmoja mmoja bado anasita kidogo kabla ya kuagiza. Simlazimishi.

Baada ya mavuno ya mwaka ule nahodha alinialika kwao Ushirombo. Goti lilimkatalia kurudi uwanjani. Alikuwa analima mahindi na mpunga na kaka zake, na jioni anafundisha watoto mpira kwenye kiwanja cha misheni. Alinipokea barabarani kwa baiskeli, akapakia mzigo wangu, tukatembea taratibu kwa ajili ya goti lake na kwa ajili ya miaka yangu. Mama yake alinikaribisha ndani, nikamwamkia kwa Kisukuma, akacheka matamshi yangu.

Nikataka kwenda kusaidia jikoni, kwa mazoea. Akanikalisha.

"Hapa wewe ni mgeni," akasema.

Nikakaa. Wakaleta maji ya kunawa, ugali, na kuku kwenye bakuli la udongo, mchuzi wake wa karanga. Nilikitazama kile kitoweo na mama yule akanisoma. Hakungoja niulize.

"Kula mwanangu, usiwe na shaka," akasema. "Asubuhi nilimtuma mjukuu akamwite yule Mwarabu wa dukani aje achinje. Alikuja, akachinja, akasoma maneno yake. Ndipo nikapika."

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nasimama mlangoni nikitazama watu wanavyokula. Nilinawa, nikamega tonge, nikachovya. Kuku alikuwa ameiva vizuri, karanga zimetulia. Yule mama alikuwa ameketi mbele yangu kwenye mkeka, mikono magotini, ananitazama kama nilivyokuwa nawatazama wale vijana.

"Chumvi?" akauliza.

"Imekaa sawa, mama."

"Basi ongeza mchuzi."

Nikaongeza.